Saa Nne ya Asubuhi Nilikuwa Wapi

Sehemu ya sita

Unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, usihangaike. Shika haya machache, halafu twende pamoja.

Jina langu ni Christiane. Nina miaka ishirini na sita. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Lubumbashi, nikisomea usimamizi wa hoteli pamoja na biashara ya kimataifa. Ili upewe diploma, chuo kilidai krediti mia moja na themanini za masomo, saa mia nne na themanini za staji, yaani mafunzo ya kazi, hotelini, na ripoti ya staji utakayoitetea mbele ya walimu. Kimoja kikipungua, huna kitu.

Jumanne ile mawili yaligongana. Saa nne ya asubuhi nilikuwa na mtihani wa biashara ya kimataifa, krediti nne za mwisho nilizobakiza. Saa ile ile nilitakiwa kuwa hotelini, kwenye njia ya uwanja wa ndege wa Luano, nikisoma kipimajoto cha chambre froide, chumba cha baridi cha kuhifadhia chakula, na kuandika namba kwenye fishi, karatasi ya joto, kila baada ya saa moja. Niliomba ruhusa, nikanyimwa. Basi saa moja na nusu nikaziandika namba za asubuhi nzima kabla hazijatokea. Tatu, tatu, nne, tatu, tatu. Nikatia sahihi kila mstari, nikatokea mlango wa nyuma.

Mchana wake watu thelathini na mmoja walikula samaki wa baridi na mayonezi, wakaugua. Mama Chomba, muosha vyombo, alikula mabaki jioni. Siku ya tatu akafa.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye mlango wa hospitali. Leo tunaanzia makaburini.

*

Tulimzika Jumamosi, kule Annexe, mtaani kwao, jua likiwa katikati ya vichwa vyetu. Keren, binti yake mkubwa, alisimama mbele ya shimo akiwa amewashika wadogo zake wawili mabegani. Ana miaka kumi na tisa. Hakulia. Nadhani hakuwa na nafasi ya kulia, maana kila mara mmoja wa wale wadogo alitaka kukaa chini kwenye udongo.

Monsieur Ruphin, direkta wa hoteli, alikuja na shada la maua ya plastiki. Alikaa dakika kumi. Alipokuwa anaondoka alinigusa kiwiko, akaniita kando.

"Christiane, kuya kwanza."

Ndani ya gari lake alinipa bahasha. Nikaifungua. Kilikuwa cheti changu cha staji. Saa mia nne na themanini, zimetimia. Alama kumi na nane juu ya ishirini. Mhuri ulikuwa bado unanuka wino.

"Nilikuwa nimebakiza siku nne, Monsieur le Directeur."

"Zile siku ine tumekuachia. Umeteseka sana na hii mambo."

Nikakirudisha cheti ndani ya bahasha.

"Inspecteur ya kazi atatuita. Atakuuliza kintu kimoja tu. Pa fishi uliandika nini?"

"Digrii tatu."

"Na ulitia signature?"

"Nilitia."

"Basi. Usiongeze neno, usipunguze neno." Alikuwa anaongea huku akitazama mbele, mikono kwenye usukani. "Chambre froide ilikuwa muzuri. Ile samaki iliharibika ju kuna muntu aliitoa mbio, akaiacha pa meza. Na ule muntu, tumetoka kumuzika."

Nilishuka na bahasha yangu. Kule kaburini walikuwa wameanza kuimba wimbo wa mwisho. Nilirudi nikasimama pamoja nao, nikaimba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwa wiki tano nimelizunguka.

Nimewaambia kwamba niliandika namba za uongo. Ni kweli. Nimewaambia kwamba umeme ulikatika nikiwa sipo, na kwamba jenereta ilielekezwa kwenye vyumba na ukumbi, chumba cha baridi kikaachwa. Ni kweli pia. Mkanihurumia. Kuna mmoja hata aliandika gazetini kwamba kosa langu lilikuwa ni haraka tu.

Sikuwaambia kuhusu saa saba kasorobo.

Saa saba kasorobo nilikuwa nimerudi. Nilivaa aproni, nikafungua mlango wa chumba cha baridi ili niangalie mara moja, roho itulie. Nikapigwa usoni na hewa ya vuguvugu, hewa ya chumba alimolala mgonjwa. Kipimajoto kilikuwa kimepita ishirini.

Sinia la kwanza la samaki lilikuwa limeshaingia ukumbini. La pili lilikuwa mikononi mwa mhudumu, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Kama ningesema neno moja, angesimama.

Nikawaza: nikisema, wataniuliza nilikuwa wapi.

Nikamshikia mlango apite.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa mnaweza kuendelea kusoma au kuacha.

*

Jumanne iliyofuata Keren alikuja kwetu, Katuba. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Mama yangu, Mama Albertine, alimpa maji na kiti, akatuacha peke yetu uani.

Keren alitoa barua kwenye kitambaa, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Christiane, hii barua bahotel balituletea. Iko mu Kifaransa ya bakubwa. Miye niliacha masomo mu darasa ya sita. Unisomee."

Nikaichukua. Ilikuwa ukurasa mmoja.

Hoteli ilisema inasikitika. Hoteli ilisema marehemu, bila kuagizwa na mkuu wake, alitoa samaki kwenye chumba cha baridi saa mbili asubuhi na kuwaacha juu ya meza karibu na masinki. Hoteli ilisema haiwezi kubeba lawama ya kosa la mtu mmoja.

Nilimtafsiria taratibu. Kila sentensi alikuwa anatikisa kichwa, si kwa kukubali bali kama mtu anayefukuza nzi.

Halafu nikafika kwenye mstari uliosema: *kama inavyothibitishwa na karatasi ya joto iliyojazwa na kutiwa sahihi, saa kwa saa, na mwanafunzi wa staji.*

Mstari ule niliuruka.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

Akaikunja barua, akairudisha kitambaani.

"Kule kwetu bameanza kutuita batoto ba mulozi. Banasema mama aliwekea bantu sumu. Jana mama moja wa kanisa alikatala muhogo ya kwetu, eti hawezi kula kintu ya mu ile nyumba." Akanitazama. "Yaya, weye ulikuwa kule. Mama alikuwa anakupenda. Ile samaki, alitoa njo yeye?"

"Sikuona," nikasema.

Na hilo, kama mnavyojua, lilikuwa kweli. Ndilo neno la kweli pekee nililosema siku ile, na ndilo lililomuumiza zaidi.

"Haukuona akitoa? Ao haukuona kabisa?"

"Keren, sikuona."

Alisimama, akamshukuru mama kwa maji, akaondoka. Mama Albertine alikuja kukusanya vikombe.

"Unamuogopa ule mutoto?" akaniuliza.

"Simuogopi."

"Unatetemeka."

Mama alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja. Huwezi kumdanganya mwalimu wa darasa la kwanza. Lakini wiki ile hakuuliza tena. Alikuwa ameshapiga simu kwa ndugu zake wote Mbuji-Mayi na kuwaambia mtoto wake wa kwanza anapata diploma. Kuna maswali ambayo mzazi hayaulizi kwa sababu ameshatangaza jibu.

*

Alhamisi nilipeleka mafaili yangu chuoni.

Madame Gaëlle, katibu wa masomo, ndiye anayehesabu. Kila mwanafunzi wa mwisho anapita mbele yake. Anasoma karatasi zako moja moja, anaweka alama ya kalamu nyekundu, na akimaliza anaandika jina lako kwenye orodha ya wanaokwenda kutetea ripoti. Asiyeandikwa anaondoka. Wanafunzi wa chuo chetu walikuwa wanamuogopa kuliko mkuu wa chuo mwenyewe.

Alisoma masomo ya mwaka wa kwanza. Kalamu. Mwaka wa pili. Kalamu. Kiingereza. Kalamu. Cheti cha staji. Aliinua nyusi kwa ile kumi na nane.

"Dix-huit. Félicitations."

"Aksanti, Madame."

Kwenye ripoti yangu nilikuwa nimebandika nakala za karatasi za joto. Ndivyo kanuni inavyotaka: kila staji lazima ionyeshe kazi uliyofanya, tarehe na saa. Alianza kuzifunua. Akafika Jumanne ile. Akasimama.

Alivuta droo, akatoa orodha ya waliohudhuria mtihani wa biashara ya kimataifa. Akaiweka kando ya karatasi yangu. Akapitisha kidole huku, akapitisha kidole kule.

"Mademoiselle Christiane. Fishi ya hotel inasema: mardi, Jumanne ile, saa ine ya asubui, uko mbele ya chambre froide. Liste ya examen inasema: mardi, saa ine ileile, uko mu salle na bantu mia mbili. Muntu mumoja, fasi mbili." Aliweka kalamu chini. "Karatasi moja iko inadanganya. Ni ipi?"

Nikajifuta macho kwa kiganja.

"Usilie. Fikiri kwanza. Nitakuambia règlement, halafu utajibu." Hakuwa na sauti mbaya. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma bei. "Ukisema fishi njo ya uongo, staji yote inaanguka. Hotel ni partenaire yetu. Mwenye kudanganya mu registre ya partenaire anafukuzwa, harudi. Ukisema examen njo ya uongo, kwamba kuna muntu alikuya kukaa pa fasi yako, basi ile examen inafutwa, unairudilia mu septembre. Krediti ine tu. Diploma unapata."

Nikayaweka yote mawili kichwani.

Nikisema kweli, kwamba nilikuwa kwenye mtihani, basi namba za chumba cha baridi ni za uongo, Mama Chomba anasafishwa jina, na mimi nimekwisha.

Nikisema uongo, ninarudia mtihani mmoja.

Mtihani wenyewe niliukumbuka vizuri. Swali la kwanza lilikuwa juu ya lori la bidhaa linalovuka mpaka wa Kasumbalesa: ni mahali gani hasara inatoka mikononi mwa muuzaji na kuingia mikononi mwa mnunuzi? Lilikuwa ni mtihani wa kuweka msalaba kwenye jibu. Hakuna mwandiko. Niliingia wa mwisho, nikakaa nyuma kabisa kati ya wanafunzi wa idara nyingine nisiowajua. Aliyekagua kadi mlangoni alitazama kadi, hakutazama sura. Na mtu pekee aliyeniona nikitoka hotelini alikuwa amelala Annexe chini ya maua ya plastiki.

"Nilikuwa hotelini, Madame," nikasema.

"Sawa. Nani alikaa pa fasi yako?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Madame, lazima nitaje?"

"Lazima. Bila jina, ni maneno tu."

Jina lililokuja ni Hénoc.

Hénoc tulianza naye mwaka wa kwanza. Somo lile alikuwa amelipata kwa alama kumi na saba. Baba yake alipopooza, aliacha chuo akaenda kupakia mizigo uwanja wa ndege. Mwaka mzima nilikuwa nikimkuta kwenye njia ya Luano, ananisalimia kwa mikono miwili kama askari, ananiuliza somo gani limebaki. Nilijiambia: ameshatoka chuoni. Aliye nje huwezi kumfukuza.

Nikalitaja.

Madame Gaëlle aliandika. Halafu akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, mistari imenyooka vizuri.

"Huyu aliomba kurudi mu octobre. Barua yake ilikuwa iko hapa inangoya signature." Akaisoma tena kidogo, midomo ikicheza. "Alikuwa anaandika muzuri." Akaiweka kwenye rundo jingine, upande wa kushoto, lile ambalo halirudi mezani.

Nilikuwa na nafasi. Nataka mjue kwamba nilikuwa na nafasi. Dirisha lilikuwa wazi, wanafunzi walikuwa wanacheka nje, yeye alikuwa anatafuta mhuri wake chini ya karatasi na ilimchukua muda mrefu kuupata. Ningeweza kusema: Madame, nisamehe, rudisha hiyo barua.

Alinisukumia tamko. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini ninakiri kwamba siku ya Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kazi yangu ya staji.*

Nikatia sahihi.

*

Sikumpigia Hénoc simu. Nililiandika jina lake kwenye simu mara tatu, mara tatu nikafuta. Nilijiambia nitamweleza uso kwa uso. Kisha nikaacha kupita njia ya Luano.

Jumatatu tukaitwa na inspekta wa kazi.

Ofisi yake ilikuwa na meza moja na viti vitano. Monsieur Ruphin alikuja na suti ya kijivu na faili. Keren alikuja na kitenge cha mama yake, kile cha rangi ya chungwa alichokuwa anavaa Mama Chomba siku za Jumapili. Alikuwa amejifunga vibaya, kilikuwa kinamteleza. Inspekta alikuwa mzee mwenye miwani, mtu wa taratibu, wa kusikiliza.

Monsieur Ruphin alisoma maelezo ya hoteli. Chumba cha baridi kilikuwa kizima. Karatasi ya joto hii hapa. Marehemu alikosea, Mungu amlaze pema.

Inspekta alimgeukia Keren. "Una neno, binti?"

Keren alisimama. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige kelele, anitukane, anirukie.

"Papa inspecteur," akasema, "miye sikusoma. Sijue mambo ya digrii. Lakini mama alikuwa ananiambia ju ya huyu yaya. Alikuwa anasema: kule jikoni bote bananipita kama meza, ni Christiane tu ananiita mama. Alikuwa anamuombea kila asubui apate diplome." Akakivuta kitenge. "Kama huyu yaya anasema aliangalia ile machine na ilikuwa muzuri, basi mama alikosa. Nitakubali. Nitarudia kwetu niambie bantu mama alikosa, balale na amani. Aseme tu yeye mwenyewe."

Akakaa. Akasubiri. Alikuwa anasubiri kweli, mikono juu ya magoti.

Monsieur Ruphin aligeuza shingo taratibu akanitazama.

Nikasimama.

"Sikuangalia," nikasema.

"Unasema nini?" inspekta akauliza.

"Sikuangalia kipimajoto. Nilikuwa sipo. Niliandika namba zote saa moja na nusu, nikaenda kufanya mtihani chuoni. Nilirudi saa saba kasorobo. Chumba kilikuwa cha moto. Niliona sinia linapita nikanyamaza. Mama Chomba hakutoa samaki. Jenereta haikuwashwa kule. Mimi ndiye..."

Sikuweza kumaliza. Nilikuwa nalia kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka. Lakini nisikilizeni: katikati ya kilio kile nilisikia kitu kinafunguka kifuani. Nilijua nimepoteza diploma, nilijua labda ninakwenda jela, na bado nilivuta pumzi kama mtu aliyetolewa chini ya gunia la makaa.

Ilidumu dakika moja tu, ile pumzi.

Monsieur Ruphin alifungua faili lake bila haraka.

"Monsieur l'inspecteur, huyu mutoto ameteseka. Amelia kifo ya ule mama sana. Tunamuelewa." Akatoa karatasi. "Chuo ilituandikia juma iliyopita ituulize kama mardi alikuwa kwetu. Tulijibu ndiyo. Balitutumia na hii."

Ilikuwa nakala ya tamko langu.

Inspekta aliisoma. Akaisogeza mbali na miwani, akaisoma tena. "Hii signature ni yako?"

"Ni yangu. Lakini nilidanganya. Nilidanganya nisifukuzwe."

"Alhamisi ulidanganya, leo unasema kweli."

"Ndiyo."

"Na fishi ya joto ni uongo, na tamko ni uongo. Karatasi zako zote ni uongo, maneno yako ya leo tu njo kweli."

"Ndiyo, papa."

Alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Hapa chini chuo wanaandika kwamba kuna kijana alikufanyia mtihani. Hénoc. Yeye anasemaje?"

"Hakufanya! Hajui hata kama nimemtaja. Mpigie, papa. Mpigie sasa hivi, atakwambia siku ile alikuwa Luano anapakia mizigo."

Nilimsomea namba. Akaipiga kwa simu yake mwenyewe, akaweka sauti juu, akailaza mezani. Iliita mara nne. Nyuma ya sauti ya Hénoc kulikuwa na mngurumo wa ndege.

"Allô?"

"Hénoc?" inspekta akasema. "Hapa ni inspection ya kazi. Niko na Mademoiselle Christiane. Nina swali moja. Mardi ya ile examen ya commerce international, uliifanya weye ao aliifanya yeye?"

Ndege ilipita.

"Christiane iko hapo?" Hénoc akauliza. "Ananisikia?"

"Anakusikia."

"Hénoc," nikasema, "sema ukweli. Nakuomba. Sema ukweli tu."

"Christiane, usiogope." Sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya furaha. "Madame Gaëlle aliniita ijumaa. Aliniambia yote. Kama ninakatala, watakufukuza ju ya tamko ya uongo. Kama ninakubali, utarudilia examen tu. Niliisha kutia signature." Akakohoa. "Ndiyo, chef. Miye njo nilikaa pa fasi yake. Yeye alikuwa kazini, kule hotel."

"Hénoc, hapana!" Niliinama juu ya simu. "Hapana! Hujui unachosema! Kuna mtu amekufa, Hénoc!"

"Njo maana nilifanya," akajibu. "Uko na mambo mingi. Miye nitabeba mizigo hata bila diplome. Weye maliza."

Simu ikakatika. Labda mtandao, labda alikata mwenyewe kwa sababu mzigo ulikuwa unamngoja.

Monsieur Ruphin alifunga faili.

Nilimgeukia Keren. Nilitaka anione, ajue. "Keren, unaniamini weye? Mama hakukosa. Naapa mbele ya Mungu, mama yako hakukosa."

Keren alikuwa analia sasa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha yashuke. Alikuja akanishika mikono yangu miwili.

"Aksanti, yaya," akasema. "Nimeona. Unataka kujiharibu ju ya jina ya mama. Hakuna muntu alitufanyia vile tangu tumemuzika." Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Lakini mama hangependa uongo. Acha. Nimekubali. Alikosa."

Nilitikisa kichwa kukataa.

Inspekta alikuwa anaandika. Alimaliza ukurasa, akaugeuza uelekee kwangu. Alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi, kwa sababu ya majonzi, alisema maneno yasiyolingana, kisha ukweli ukathibitishwa na shahidi.

"Signature hapa, binti, na dosie inafungwa."

"Siwezi," nikasema. "Si kweli."

Alivua miwani.

"Nisikilize vizuri. Kama unakatala, basi mumoja kati yenu amedanganya mbele ya serikali, weye ao ule kijana. Mimi siwezi kuchagua. Nitapeleka dosie yote parquet, kwa mwendesha mashtaka, leo leo, na polisi ya Luano watamkamata pa kazi yake mbele ya jua kuzama. Yeye ametia signature chuoni, amerudilia hapa pa simu, mbele ya mashahidi. Ni yeye atalala ndani kwanza." Akaweka peni juu ya karatasi. "Ana baba mwenye kupooza, si ni vile?"

Sijui alijua vipi. Labda Madame Gaëlle aliandika hilo pia.

Monsieur Ruphin alitazama saa yake. Mlangoni, Keren alikuwa ameshajifunga kitenge upya. Alikuwa amechukua mkoba wangu pamoja na wake, ameuning'iniza begani, ananingoja tutoke pamoja ili niende naye hadi Annexe, nisimame kando yake akiwaambia majirani kwamba mama yake alikosa.